Hesabu ya Ukucha

Muhula huu kifundo changu cha kushoto kimefungwa bandeji
mara thelathini na nane,
na hakijawahi kuteguka.
Nasieku anasomea tiba ya wanamichezo,
anahitaji mguu wa kujifunzia,
na mguu ulio karibu, katika chumba cha vitanda viwili
hapa Ngara, ni wangu.
"Tulia," huniambia. "Wewe ni mkimbiaji wa mita elfu kumi.
Umeanguka mzunguko wa ishirini na mbili."
Basi naanguka. Naketi kitandani na daftari langu la falaki,
nimeshindwa mbio nisizokimbia.

Mimi nasoma nyota. Mama, kule Wundanyi,
alisikia neno unajimu akanyamaza kwenye simu,
kisha: "Karo yote hii, mwanangu, uje uwe mpiga ramli?"
Nikamweleza: hapana, ni hesabu,
ni kupima nuru kama wewe upimavyo kabichi kwa mizani.
Akasema sawa.
Jumapili iliyofuata akauliza
kama ng'ombe atazaa mtamba au dume.

Kazi yangu ni moja: Moyo wa Nge,
ile nyota nyekundu ifififiayo na kung'aa bila haraka.
Niitazame, niilinganishe na jirani zake, niandike.
Rahisi, alisema Daktari Mwachofi,
ambaye shingo yake haigeuki tena.
(Nasieku alimwona langoni mara moja tu:
"Huyo anahitaji kukandwa.")

Lakini Julai ya Nairobi!
Wingu limeketi juu ya mji kama mfuniko,
na chini yake mabango ya Westlands yanachemka,
sabuni, bima, nyumba za mkopo,
mpaka anga lote lina rangi ya chai iliyolala.
Usiku wa kwanza niliandika: mawingu.
Usiku wa pili: mawingu.
Usiku wa kumi na tisa: mawingu, na paka.

Usiku wa ishirini upepo ulifagia, na stima ikapotea.
Si mtaa wetu tu. Pangani, Parklands, hadi ng'ambo ya mto,
mji mzima ukafumba jicho.
Nikanyakua daftari, nikapanda ngazi mbili mbili,
nikatokea juu ya paa kati ya matangi ya maji,
nikainua uso,
nikasahau kwamba chini kuna bomba.

Mguu ukaenda huku, mimi kule.

Nasieku alikuja akipapasa ukuta.
Hakuuliza ni mzunguko wa ngapi.
Mikono iliyoujua mguu huu ukiwa mzima
ilikuwa sasa inautafuta uvimbe, polepole,
kama mtu arudiaye nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa.
Akafunga gizani, umbo la nane,
chini ya unyayo, juu ya kifundo, tena.
"Niambie nyota," akasema. "Usinitazame. Natetemeka."

Nikamwambia. Iliyopinda kama ndoana ni Nge.
Kilimia hakipo, kitachomoza karibu na alfajiri.
Ile angavu ya kusini, nuru yake ilianza safari
nikiwa kidato cha tatu,
sijajua kama upo.

"Sasa nahitaji mwanga," akasema. "Sekunde chache."
"Nasieku, macho yangu yamezoea giza.
Ukiwasha, yatachukua dakika ishirini kurudi."
"Na damu yako? Nikikaza mno, nitajuaje?"

Juu, Moyo wa Nge ulikuwa mwekundu, mkubwa, wazi,
baada ya siku ishirini.
Nikasema, washa.

Akabonyeza ukucha wa kidole gumba ukapauka.
Akaachia.
"Moja. Mbili." Wekundu ukarudi.
Akashusha pumzi kama aliyekuwa akikimbia yeye.

Stima ilirudi kabla ya macho yangu.
Daftarini nimeandika: Moyo wa Nge, umeonekana.
Kipimo: hakuna.
Chini yake, kwa mwandiko usio wangu:
Kifundo cha kushoto, mara ya thelathini na tisa.
Kimeteguka.
Damu, sekunde mbili.