Dakika Saba

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri
tunapangwa ukumbini kama meno ya kitana,
mia mbili na ushei, aproni nyeupe, buti nyeupe,
nywele zimefungwa, hata za wenye upara.
Nje ni Julai, umande umeganda juu ya nyasi za Chapecó;
ndani ni nyuzi kumi, mwaka mzima,
kwa raha ya kuku.

Tatiele anapanda juu ya kreti.
Ana miaka ishirini na mitatu, filimbi shingoni,
na cheti cha tiba ya viungo ambacho wino wake haujakauka.
"Shingo kulia." Shingo zinakwenda kulia.
"Mabega juu, shusha. Juu, shusha.
Fungueni viganja kama mnakinga mvua."
Dirceu wa majokofuni amekunja mikono kifuani:
yeye hakuja hapa kusoma chekechea.

Nilicheka naye, zamani.
Mama yangu alivuna mahindi hadi mgongo ukawa ndoano
na hakuna aliyemhesabia moja hadi kumi.
Samaki mkunje angali mbichi;
mimi nilikuja na arobaini yangu, nimeshakauka,
na mtoto huyu ananikunja.

Ila nilikuwa nasimama kando ya Neusa.
Miaka kumi na mmoja, kiwiko changu na chake
vikijuana kuliko sisi wenyewe.
Kisu, paja, mfupa, tupa.
Kisu, paja, mfupa, tupa.
Mapaja kumi na manne kwa dakika,
na mkanda haujasikia kwamba haraka haina baraka.
Ilianza ganzi ya kidole gumba. Akasema ni baridi.
Kisha akawa anaamka usiku kuukung'uta mkono
kama mtu anayeshusha kipimajoto.
Kisha kikombe.
Kisha kifungo cha shati la mwanawe.
Kisha barua.
Nikapewa kisu chake. Kilikuwa kikali kuliko changu.

Tangu siku hiyo nazungusha vifundo vya mikono bila utani,
ingawa sijidanganyi:
dakika saba ni za mwili,
saa nane na dakika ishirini ni za kuku.
Nilimuuliza Tatiele mbele ya watu:
"Na zoezi la kulegeza mkanda, lini?"
Akapuliza filimbi. Masikio yamemwiva.
Wiki iliyofuata alisimama nyuma yangu na daftari,
akihesabu mikato, midomo ikicheza, hadi wino ukagoma kwa baridi.
Daftari lilipanda ofisini.
Halijashuka.
Karatasi nazo zina magoti mabaya.

Leo Tatiele hayupo. Wengine wanasema homa,
wengine wanasema daftari.
Tumesimama tu, tukitazama kreti tupu,
mpaka Wislande, aliyekuja kutoka Haiti na koti moja,
akaanza kuhesabu kwa lugha ya kwao.
Hatukuelewa hesabu; shingo zilielewa.
Mia mbili na ushei tukakinga mvua isiyokuwepo.
Hata Dirceu. Alipofungua mikono ndipo tukaona:
vidole viwili havikunjuki.
Wislande akaushika ule mkono, akavinyoosha polepole,
kimoja, kingine,
bila kusimamisha hesabu.
Dirceu akatazama dari kama aliyeona jina lake kule.

Kupitia kioo cha mlango naona lango,
na nje ya lango baiskeli ya Neusa, mikate na chupa ya kahawa.
Saa hizi hana mteja.
Anajua ni saa ngapi.
Anainua mkono wa kulia: kiunoni, kifuani,
unafika begani, unakwama.
Kipande kilichobaki
nampandishia mimi.

Kengele.
Mkanda unaamka.
Haujanyooshwa, haujapashwa moto,
na hauumwi popote.