Nyinginezo

Korona ilinyamaza Jumanne, saa nne kasorobo.
Haikupasuka. Ilikohoa tu
kama mtu aliyepaliwa na muhogo,
kisha mkanda ukalegea
na majani ya mkonge yakaanza kuchacha juani.

Fundi Hiza Semboja alivua miwani,
akaifuta kwa shati lenye grisi, akazidi kutoona.
"Beringi," akasema. "Na hii
hata ukimaliza barabara zote ishirini na moja za Ngamiani
huipati."

Mimi ni karani wa stoo. Nikaandika Ujerumani.
Bwana Wiegand akajibu kwa adabu:
wiki sita, malipo kwanza,
na kama ziada, kitabu chembamba cha chemba yao ya biashara
tupate kujua tunanunua kwa nani.

Nilikisoma wakati wa chai, karakana ikiwa kimya mno.
Wanawake wa chumba cha brashi wakaja na vikombe vyao,
vumbi la singa kwenye kope.
Magari, nikasoma. Mashine. Dawa. Kemikali.
Mama Nakijwa akauliza mashine wanazipima kwa robota
au kwa tita kama sisi,
na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi.

Nikaendelea: wanunuzi.
Marekani. Ufaransa. Uholanzi.
"Ngoja," Hiza akanikatiza, "Uholanzi si ndiyo ile
iliyo ndogo kama Pangani? Hizo mashine inaziweka wapi?"
Nikamwambia nyingine zinapita tu bandarini,
kama mahindi ya Handeni yanavyopita Muheza.
Akaridhika nusu.
China. Polandi. Italia. Kidole changu kikashuka,
kikavuka mstari mweusi, kikagota:
Nyinginezo.

"Ndio sisi hao?"
"Ndio sisi."
"Tuko na nani humo?"
Sikujua. Kitabu hakikusema.
Mama Nakijwa alisema angalau si upweke.

Beringi ilifika wiki ya nane,
ndani ya mafuta, ndani ya karatasi, ndani ya boksi
ambalo watoto wa kambini walishaligombania kabla halijafunguliwa.
Kwenye leja niliiandika kwa kalamu nyekundu:
bei yake, robota kumi na moja za daraja la kwanza.
Nikazihesabu pale ghalani, zimepangwa, nyeupe,
nikaona ukuta mzima
unaingia kwenye pete ya chuma inayotosha kiganjani.

Hiza aliigeuza kwenye mwanga. Akajiona pua.
"Karani, unajua huko chuma wanaking'arisha kwa nini?
Magurudumu ya kitambaa. Na kitambaa chenyewe
singa."
Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.
Aliniomba kalamu, ile ile nyekundu,
akaandika nyuma ya hati ya kupokelea mzigo,
taratibu, akihesabu mizani kwa vidole vyeusi:

*Beringi umeingia, karibu kwetu Ngomeni,*
*Bei uliyotujia, imekomba mfukoni,*
*Jedwali nimepitia, Tanga haimo kundini,*
*Nani alokung'arisha, kama si mkonge, nani?*

Kisha akaenda kuifunga.
Alasiri korona ikanguruma, mbwa wa mlinzi akakimbia,
maji ya kijani yakarudi mferejini na harufu yake.

Hati ilitakiwa irudi Ujerumani, imesainiwa.
Nikaipiga picha pande zote mbili, nikaituma.
Sijui kwa nini pande zote mbili.

Bwana Wiegand alijibu siku ya tatu.
Anashukuru. Ameona maandishi mgongoni
na hakupata mtu wa kumsomea.
Je, ni malalamiko?
Kama ni malalamiko, kuna fomu, kiungo hiki hapa.

Nimeifungua. Jina la mteja. Namba ya bidhaa.
Nchi: chagua.
Ninateremka, ninateremka, Hiza amesimama begani kwangu
ananukia grisi,
na mwisho kabisa, chini ya majina yote,
naliona neno letu.
"Bonyeza," ananiambia. "Bonyeza, watu wanatusubiri humo."