Kisahani cha Himbi

Hatuna refa. Kavira akisema kimegusa chini, kimegusa,
hata kama mpaka wetu ni kamba ya kiatu cha Mumbere
na jiwe jeusi la mwaka ule wa moto.

Kisahani kimepasuka ukingo; tumekishona kwa waya.
Kikirushwa huvuma kama nyuki mlevi,
kinapinda kulia, kila mara kulia,
nasi tumezoea: tunakimbilia kisikolengwa.

Leo upepo wa ziwani umekibeba
hadi ng'ambo ya ukuta, kwa mama Nsimire anayeanika sambaza.
Kimya.
Tukasikia ndala zake.
Kisha kikarudi, chini chini, kimenyooka,
hakikupinda hata kidogo.

Tulisimama tukitazamana.
Hakuna aliyekidaka.