Mshono wa Ukuta wa Tatu

Elfu tano mlangoni, na mhuri wa wino mgongoni mwa mkono
kama paja la ng'ombe lililopita kwa bwana afya.
Kijana wa tiketi, Shekue, hakunijua.
Nikalipa. Sikusema kwamba kuta zote zile nimezishona mimi:
majora kumi na moja ya bafta nyeupe,
kibarazani kwangu, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
siku tisa, sindano nne zilizovunjika,
na Mwanjaa kashika pindo upande wa pili
akipiga chafya kwa vumbi la wanga.

Ndani ni ghala lilelile la katani.
Harufu haijahama, ile ya kamba mbichi na panya
ambayo marehemu baba alirudi nayo shatini.

Kwanza giza. Mtu akakohoa.
Halafu kuta zikaamka.

Mvua ya Amani ikashuka bila kulowesha mtu,
majani ya msituni yakafunguka, kila moja ukubwa wa mkeka,
konokono akapanda nguzo, taratibu, mpaka darini.
Watoto wa chuo wamekuja na kanzu zao nyeupe,
kila mmoja kageuka bustani,
kifuani maua, mgongoni mto,
mmoja ana chura begani na hajui.
Mimi na buibui langu jeusi,
mwanga ulinijia ukazama.
Katika rangi zote zile nilikuwa tundu
lenye umbo la mwanamke.
Nikatoa mkono:
kiganja kikapata jani, na mishipa yake, na siafu wawili.
Nikaurudisha haraka, kama nimeiba.

Wengine walitazama picha. Mimi nilitazama pindo.
Hapa nilikaza mno. Hapa uzi wa kopo uliisha
nikachukua mwingine dukani kwa Semboja,
mweupe wa maziwa ukakutana na mweupe wa chumvi.
Na pale, ukuta wa tatu, usawa wa bega,
pale penye kombo.

Jumatano ile simu ililia kutoka Pongwe.
Dada kaanguka jikoni, tumbo, wanamkimbiza Bombo.
Nikaibana simu kwa bega na sikio,
na mguu, mpumbavu, ukaendelea kukanyaga.
Vidole vitatu mshono ulitoka njiani
kabla sijajua kwamba bado nashona.
Siku nyingine ningefumua.
Usiku ule nilikuwa na mengine ya kufumua.

Basi sasa kila dakika kumi
(nimehesabu, nimekaa mizunguko mitatu)
kipepeo wa samawati anatokea kona ya mlango,
mkubwa kuliko kitanda cha sita kwa sita,
anapepea, anapepea, anafika pale,
na bawa linakunjika.
Mara moja tu. Kisha analinyoosha, anaenda zake.
Watoto wote "Aaa!" kwa pamoja,
kama waliomwagiwa maji.

Nilipotoka nikamuuliza Shekue:
kesho alfajiri, kabla hamjafungua,
nije na cherehani ya mkono nipanyooshe pale?
Akanitazama juu mpaka chini.
"Hapana, mama. Pale ndipo watu wanapopapenda.
Msanii kafanya makusudi."
"Makusudi," nikasema.
"Ndiyo. Kuna maana yake.
Jana mwalimu mmoja wa Usagara kasimama pale akalia."

Nje, jua la saa nane, macho yakauma.
Nikapitia Bombo na chupa ya uji.
Dada akasema uji hauna sukari,
akasema wauguzi wa zamu ya usiku wana kelele,
akasema mengi, alhamdulillahi,
kisha akafunua kanga kidogo anionyeshe:
nyuzi saba, nyeusi, zimepangwa kama mistari ya daftari.

Nikavaa miwani, nikainama.
"Kazi nzuri," nikamwambia.
"Huyu hakupigiwa simu."