Gari la Shaame

Ndoo mbili, usisahau. Moja ya povu,
moja ya kusuuzia sponji, la sivyo
mchanga ulioutoa mlangoni
unaurudisha mlangoni, na unakwaruza.
Haya niliyajua kwa kukosea,
mwaka wa kwanza, ubavu wa kushoto,
ambao mpaka leo ukipigwa na jua la saa tatu
unaonyesha vizunguko vyembamba
kama nywele za mtoto wa siku saba.

Gari si langu. La Shaame,
ndugu yangu wa tumbo moja,
yuko Maskati huu mwaka wa kumi na moja.
Lilishuka bandarini Mkoani na karatasi zake zote,
buluu ya usiku wa manane,
ndani harufu ya nyumba ya watu nisiowajua,
na kwenye simu neno moja tu:
Nitunzie.

Basi nimetunza.
Hapa Limbani chumvi haiji na mawimbi,
inakuja na hewa, kimyakimya, kama deni.
Kaskazi ikikaza, asubuhi boneti lina unga;
lamba kidole utajua umetoka wapi.
Na popo, wakirudi usiku na matunda ya watu,
mzigo wao huutua juu ya paa.
Usipouwahi kabla ya jua kupanda
unakula rangi, hauachi.

Alasiri, bati likishapoa,
naliwekea mgongo wa mkono
kama anayepima homa ya mtoto.
Navaa vidoleni mfuko wa nailoni,
wa mwisho uliobaki humu ndani tangu ipigwe marufuku,
nampapasa pole pole:
jicho linasema safi, kidole kinasema bado,
kuna vipele.
Naukanda ule udongo laini kama donge la chapati,
nautelezesha juu ya maji ya sabuni
hadi ukwaru wote unyamaze.

Kisha nta.
Kidogo. Kidogo kuliko unavyodhani.
Nta nyingi ni ujinga wa mwenye kopo jipya.
Ipake, iache ipauke
kama midomo ya mtu aliyefunga,
ndipo uifute,
na humo mlangoni utaona uwanja mzima:
majamvi ya karafuu, kuku mmoja asiyejali,
kanga za Mize kwenye kamba, kichwa chini,
na maandishi yake yakisomeka kinyume.

Mize alisema mara moja tu,
bila hasira, anachagua mchele:
"Ukuta wa jikoni unapukutika chokaa,
na wewe unasugua mali ya mtu."
Nikamjibu kwamba masika yako njiani.
Sikujibu swali, najua.

Halafu juzi, baada ya Isha, simu.
"Liuze," akasema Shaame. "Huku tumeshajenga."
Nyuma yake mtoto analia kwa Kiarabu.

Akaja mtu wa Konde, Nassibu Faki.
Rangi hakuitazama.
Alifungua boneti, akasikiliza injini,
akapiga tairi teke, tena teke,
akaegemea mlango kwa kiganja cha grisi
na kuuliza
linabeba magunia mangapi ya karafuu.

Alipowasha na kuondoka nikakumbuka kopo.
Nikamkimbilia mpaka lami, kandambili moja ikabaki nyuma,
nikampenyezea dirishani.
"Ndoo mbili," nikamwambia, pumzi imekata.
"Kila ukiliosha, ndoo mbili."
Akakunja uso:
"Kwani rejeta inavuja?"

Usiku, chai mezani.
Sina ninachokifuta, lakini kiganja
kimeshaanza, pole pole, duara juu ya duara,
kwenye mbao kavu.
Mize ameona. Hakusema.
Akasogeza kikombe chake pembeni
mkono upate pa kupita.