Mwenye Macho

Hapa hakuna mnara.
Kuna kibanda cha bati, mashine ya kahawa iliyokufa tangu Pasaka,
na soksi ya upepo iliyotoboka
inayoelekeza njia kama mlevi, ila haikosei.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi.
Abiria saba. Mmoja wao, Bibi Agneta Hruska,
anakwenda Billings kupimwa moyo,
amepakata mkebe wa biskuti
na hataki mtu auguse.

Kituo cha Salt Lake, mbali huko kusini,
kinatuambia kwa sauti iliyokatikakatika: subirini.
Ipo ndege ya dawa inakuja kwa kufuata vyombo,
na mpaka itue, anga lote ni lake.
Mbingu za Montana, pana kuliko deni la mkulima,
zimefungiwa ndege moja
ambayo hata hatuioni.

Kapteni Marit Stensrud anagonga saa kwa ukucha.
Nje hakuna wingu hata la kusingizia.
Naona maghala ya ngano, maili ishirini,
naona lori likiburuta vumbi lake
na kivuli cha vumbi hilo.

"Twende kwa macho," anasema.
"Kibali tutakichukulia juu."

Kitabu cha kampuni kinaruhusu. Ukurasa naujua,
una duara la kikombe changu.
Ruhusa yenyewe mistari mitatu;
masharti yake, ukurasa na nusu.

Basi nabonyeza kitufe, nataja
sisi ni nani, tuko wapi, tunaelekea wapi.
Simsemeshi mtu.
Napiga hodi kwenye nyumba nisiyojua kama ina watu.
Hodi ya kwanza: kimya.
Ya pili: mkwaruzo, labda radi ya mbali, labda mimi mwenyewe.
Ya tatu.
Hodi tatu bila jibu, mgeni hugeuka akarudi.
Sisi, hodi tatu bila jibu,
tunaingia.

"Ngoja."

Mkono wake umefunika wangu juu ya mitambo.
Ametazama kushoto, ametazama kulia,
sasa anainama mbele, shingo kama ya bata,
kuchungulia nyuma ya nguzo ya kioo,
nguzo nyembamba ya kidole viwili
inayoweza kuficha nyumba nzima.

Na humo ndimo alimokuwa.
Wa manjano, mdogo, mkongwe,
Orrin Teske na ndege yake ya kunyunyizia mashamba,
hana redio, hajawahi kuitaka,
anatua kinyume cha upepo, kinyume cha soksi,
kinyume chetu,
kwa sababu upande huo uko karibu na pipa lake la mafuta.
Alipita mbele ya pua yetu akapunga mkono.
Hakuwa amevunja sheria yoyote.
Marit naye akampungia.
Mimi mikono ilikuwa na kazi nyingine, ya kutetemeka.

Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu.
Waongo.
Mwenye macho ndiye wa kuambiwa,
tena na tena,
hasa siku ambayo anga ni jeupe.

Nikapiga hodi upya, mwanzo hadi mwisho.
Tukaruka.

Kwa dakika kumi na moja hatukuwa wa mtu.
Chini yetu mto ulijikunja, ng'ombe wakawa punje za pilipili,
na kulia, chini, taa ikipepesa:
ndege ya dawa, ikija zake polepole.
Niliitazama mpaka ikapita.
Kisha nikatazama pale ilipokuwa.

Salt Lake wakatupa namba, tarakimu nne.
Tukawa tena nukta kwenye kioo cha mtu,
nami, nakiri, nikalegeza mabega.

Billings, Bibi Hruska akasimama mlangoni mwa chumba chetu.
"Mbona tulikaa sana pale mwanzo wa njia?"
"Tulikuwa tunatazama," Marit akasema.
Bibi akafikiri. Akafungua mkebe,
akatupa biskuti mbili.
Yangu ilikuwa imevunjika.