Mbwa Mwenye Mkia Juu

Usiku kucha, kwa kalamu mbili za wino mzito,
nyekundu ikiwa inakata roho,
nilichora mali yote ya kikundi chetu
kwenye karatasi ya manila
iliyoandikwa bei ya sulfuri kwa nyuma.

Kijana wa benki alikuja Kitangari mwezi wa tano na projekta.
Biashara zigaweni mafungu manne, alisema,
akatuonyesha miduara ya rangi ukutani
na mishale inayojua inakokwenda.
Tulipiga makofi.
Njiani Bi Nantende akaninong'oneza:
"Katibu, yale mayai yalikuwa ya kuku gani?"

Basi nikachora kwa mkono.
Mashine ya kukoboa nikaipa ng'ombe,
ingawa huku ng'ombe tunamjua zaidi akiwa nyama ya Idi:
akamuliwe, asijengewe zizi jipya.
Kubangua korosho, nyota
ya pembe sita, maana tano zilinishinda.
Turubai na viti vya kukodisha, alama ya kuuliza,
nimeiinamisha kama mtu anayesikiliza mlangoni
ngoma za mwaka huu zitalia ngapi.
Na sabuni ya mche ya Bi Fatu Likwena,
miaka mitatu hata pesa ya mafuta haijarudi,
nikaipa mbwa.
Amelala. Nilikusudia amelala.

Bibi mzaa mama alikuwa na nembo usoni,
pembe juu ya pembe, vitone kama mbegu zilizofuata kamba.
Mnadani Newala akiulizwa ukoo
hakufungua mdomo, shavu lilijibu.
Hicho tu ndicho nilichokitaka,
karatasi ijibu, mimi nikae.

Asubuhi, darasa la nne B, wanawake kumi na tisa
wamebanwa kwenye madawati ya watoto.
Sikusema neno. Nikabandika.

Bi Fatu akainuka, miwani yake mkono mmoja ni uzi.
Akasogea mpaka pua ikaribie kugusa wino.
"Huyu mbwa kamchora nani?"
"Mimi."
"Mbwa wa kufukuzwa mkia huufyata.
Wako kauinua. Kaona mtu anakuja."

Wakacheka, nami nikatazama:
kweli, mkia juu, umepinda kama mpini wa kata.
Sijui niliuinua saa ngapi.
"Zahanati wameniuliza sabuni," akasema, taratibu,
"miche mia kwa mwezi. Nilikuwa naona haya kusema
kwa watu walionichoka."

Kisha Nantende, kutoka dawati la nyuma:
"Na huyo ng'ombe, mbona namhesabu mbavu?"

Mbavu nilizichora kwa urembo.
Lakini kicheko kilikatika kama mkanda wa mashine,
mkanda uleule uliokatika mara tatu tangu masika
na kwenye daftari langu haukatiki hata mara moja.
Mama Chitanda, mshika funguo, akafungua kanga kiunoni,
akatoa stakabadhi za fundi, zimekunjwa
ndogo kama hirizi.

Hatukupiga kura siku ile.
Tulihesabu mpaka watoto wakaja kudai darasa lao.

Manila niliisahau ukutani.
Nilipoirudia kesho yake
mtoto fulani, kwa chaki,
alikuwa amemwekea mbwa mfupa.

Sijaufuta.